V8 ya zamani: oili isiyoua kamshafti, na nguvu za pesa kidogo

Mwezi wa tano, miaka sita iliyopita, niliipasua filta ya oili ya gari langu, Chevrolet Nova, nikaikunjua karatasi yake juu ya gazeti, pale gerejini nyumbani kwangu, Columbus, Ohio. Karatasi ilimetameta. Hapakuwa na vipande vya kushika kwa vidole. Ulikuwa unga mwembamba, kama ule unaobaki juu ya meza ya sonara. Nikapitisha sumaku chini ya karatasi, unga ukasimama kama nywele. Injini ile ilikuwa na saa nne tu tangu niifanyie oveholi kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipotoa manifoldi ya juu na kuchomoa tapeti (vile vipande vinavyosukumwa na nundu za kamshafti ili valvu zifunguke) moja baada ya nyingine, mbili kati ya kumi na sita zilikuwa zimeliwa kitako mpaka zimebonyea kama kijiko. Tapeti nzima ina kitako kilichotuna kidogo mno, jicho peke yake halioni. Ukizigusanisha mbili kitako kwa kitako ukaziinua kwenye mwanga, utaona upenyo mwembamba pembeni. Hizi mbili zilikuwa kinyume chake, na nundu zake kwenye kamshafti zilikuwa zimeisha ncha, zimekuwa mviringo. Valvu mbili zilikuwa hazifunguki inavyopaswa, ndiyo maana gari lilikuwa linamisi.

Ndugu zetu wengi huku Marekani wanaonunua magari ya V8, yaani ya silinda nane, ya miaka ya sitini na sabini huniuliza swali moja: niongeze nini lipate nguvu? Nami huwauliza kwanza: tapeti zako ni za aina gani, na umetia oili gani? Ukikosea hapo, kila dola utakayotia juu yake itaishia kwenye filta kama ile yangu.

Gari ninalolizungumzia ni Chevrolet Nova ya 1972, injini 350, yaani lita 5.7, kabureta ya Quadrajet, gia boksi otomatiki ya TH350 na difu ya 3.08 (shafti inazunguka mara 3.08 kwa mzunguko mmoja wa tairi). Kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 200. Mwaka 1970 injini hiyohiyo iliandikiwa 300, na watu huumia wakisoma hivyo. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni ya vipimo: kufikia 1972 viwanda vya Marekani vilikuwa vinapima injini ikiwa na feni, altaneta na ekzosi zake zote, si injini tupu juu ya stendi. Kilichopungua kweli ni mgandamizo. Mwaka 1971 uliteremshwa hadi 8.5 kwa 1 ili injini inywe petroli ya okteni ndogo. Faida yake kwako leo ni kwamba petroli ya bei nafuu, ile ya 87, inatosha kabisa.

Oili

Injini hizi zina tapeti bapa, zinazosugua moja kwa moja juu ya nundu ya kamshafti. Injini za baadaye zina tapeti zenye roli chini, zinabingirika. Kwenye tapeti bapa, shinikizo lote la springi ya valvu linaangukia mstari mwembamba wa chuma juu ya chuma, na oili peke yake haiwezi kuutenganisha. Kinachookoa ni dawa inayotiwa ndani ya oili, mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaojulikana kwa herufi ZDDP. Panapokuwa na joto na msuguano, dawa hiyo huacha utando juu ya chuma, na utando ndio unaoliwa badala ya chuma.

Kuanzia magari ya 1975 Marekani ilianza kufunga vifaa vya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na fosforasi inayoungua pamoja na oili huviharibu. Kwa hiyo kiwango chake kimekuwa kikipunguzwa. Tangu 2004, oili za petroli za namba nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 zenye kibali cha watengeneza magari haziruhusiwi kupita sehemu 800 za fosforasi kwa milioni. Kwa gari la kisasa zinafaa sana. Kwa tapeti bapa, hasa kamshafti ikiwa mpya, mimi nataka 1000 hadi 1300.

Utaijuaje dukani? Geuza chupa uitazame mbele. Ukiona ile alama ya duara lenye miali kama jua, iliyoandikwa kwamba imethibitishwa kwa injini za petroli, hiyo ni ya kikomo cha 800. Irudishe rafuni. Usichanganye na ile duara nyingine ya API (taasisi ya petroli ya Marekani) ya upande wa nyuma inayoonyesha namba ya uzito, hiyo iko kwenye oili nyingi. Mimi natumia Valvoline VR1 ya 10W-30, ambayo zinki na fosforasi yake zote zinapita 1200. Wapo wanaotumia oili ya dizeli ya 15W-40 kama Shell Rotella T4. Si mbaya kwa injini iliyokwisha kuzoea na yenye springi za kawaida, ingawa siku hizi nazo fosforasi imeshuka kuliko zamani.

Nilipokuwa kijana gerejini Ngamiani, Tanga, mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akitia oili ya dizeli kwenye Peugeot 504 za petroli. Nilidhani ni kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kwenye pipa. Miaka mingi baadaye, nikiwa na zile tapeti mbili mkononi, ndipo nilipomwelewa: 504 zile, na Land Cruiser za injini ya 2F, zote zina tapeti bapa, na oili za dizeli za wakati ule zilikuwa na dawa hii kwa wingi. Kama bado unazo huko nyumbani, haya yanakuhusu vilevile.

Uzito wa oili usiuchague kwa kuamini kwamba nzito ndiyo imara. Tazama geji. Small-block ya Chevrolet, yaani aina ya injini kama hii yangu, ikiwa ya moto inahitaji shinikizo la oili la takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika. Ikifika hapo kwa 10W-30, bakia hapo. Ikiwa besi (beringi za krankishafti) zimechoka na geji inalala ukisimama kwenye taa, panda hadi 10W-40, au 20W-50 wakati wa joto kali, ukijua kwamba hiyo inakununulia muda na besi bado zinakudai. Lita 4.7 zinatosha pamoja na filta. Sintetiki naipenda, lakini baada ya kamshafti kuzoeana na tapeti zake, na baada ya kuziba mivujo. Injini hizi huvuja nyuma ya manifoldi ya juu, mahali ambapo kiwandani waliweka gasketi ya koki. Tupa koki hiyo, paka mstari mnene wa silikoni mahali pake. Na zile chupa ndogo za zinki za kuongezea, usizimimine juu ya oili ambayo tayari ina zinki ya kutosha. Ikizidi nayo inakula chuma.

Dakika 20 za kwanza

Kosa langu halikuwa la oili peke yake. Niliwasha injini mpya ikiwa na 5W-30 ya kawaida, kisha nikaiacha iungurume polepole huku nikihangaika na skrubu za kabureta. Kamshafti ya injini hii haina bomba lake la oili kwenye nundu. Inanyeshewa na matone yanayorushwa na krankishafti. Krankishafti ikizunguka polepole, matone ni machache. Nundu zilikauka wakati mimi nimeinama juu yake nikisikiliza.

Safari ya pili nilifanya hivi. Nilipaka ile grisi nyeusi ya molibdeni kila nundu na kila kitako cha tapeti. Nilitia oili maalumu ya kuzoezea injini mpya. Kisha nikachomoa distribyuta, nikaingiza kifaa cha kuzungushia pampu ya oili kwa drili, kwa sababu pampu ya injini hii inaendeshwa na shafti ya distribyuta. Kifaa hicho lazima kiwe na mwili wake wa chini kama distribyuta kamili. Ukitumia fimbo tupu, oili hutorokea kwenye tundu la distribyuta na haipandi vizuri juu. Nilizungusha kwa mwelekeo wa saa huku mwanangu akigeuza krankishafti kwa spana kidogo kidogo, mpaka tukaona oili ikichuruzika kwenye roka (vikono vinavyobonyeza valvu) zote kumi na sita. Ya mwisho ilichukua karibu dakika tano kufika, na tulikaribia kukata tamaa.

Taimingi (digrii ambazo cheche inawaka kabla pistoni haijafika juu) iwe imesetiwa kabla, kabureta ijazwe petroli, rejeta ijae maji, ili injini iwake kwa mguso wa kwanza. Ikiwaka tu, ipandishe hadi mizunguko 2000 na uishikilie kati ya 2000 na 2500 kwa dakika 20 hadi 30, ukipandisha na kushusha. Usiruhusu iteremke. Ikichemka au ikivuja, zima kabisa, rekebisha, kisha endelea na dakika zilizobaki. Baadaye mwaga oili yote, badilisha filta, na ile ya zamani ipasue uisome.

Na springi za valvu zilizo ngumu kupita zinazotakiwa, achana nazo. Zinaua kamshafti haraka kuliko oili mbovu.

Nguvu zisizo na gharama

Kabla ya kununua chochote, mkalishe mtu ndani akanyage akseleta mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, nawe uchungulie kabureta kwa tochi. Je, vipepeo vya mbele (vibamba vinavyofungua njia ya hewa) vimesimama wima kabisa? Na vile vikubwa vya nyuma, vinafunguka? Kwangu havikufika hata robo tatu. Kebo ilikuwa imelegea na zulia lilikuwa limekunjamana chini ya pedali. Nilitembea miaka miwili na gari la robo tatu. Nusu saa ya kazi, bila senti. Kwenye Quadrajet angalia pia kile kikono kinachofunga vipepeo vya nyuma wakati choki imefunga. Kikikwama, havitafunguka hata injini ikiwa ya moto.

Kisha taimingi, ambayo kwangu ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko yote. Lakini kwanza hakikisha alama unayoisoma ni ya kweli. Puli ya mbele ya krankishafti ina pete ya nje iliyoshikwa kwa raba, na raba ya miaka hamsini huteleza. Toa plagi namba 1, funga kizuizi cha pistoni mahali pake, zungusha injini kwa mkono upande huu mpaka igote, piga alama, zungusha upande wa pili mpaka igote, piga alama nyingine. Katikati ya alama hizo ndipo pistoni iko juu kabisa. Pete yangu ilikuwa imehama digrii 7, kwa hiyo kila fundi aliyeiseti kabla yangu alikuwa anaseti kitu ambacho hakipo.

Ukiipata alama, chomoa mrija wa vakyumu wa distribyuta uuzibe. Seti digrii 12 injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kisha ipandishe mizunguko 3000 utazame jumla: kwa hedi za chuma za zamani nataka 34 hadi 36. Springi ndogo zinazoshika vile vizito ndani ya distribyuta za kiwandani ni ngumu mno, kwa hiyo moto unachelewa kusogea. Seti ya springi laini ni dola chache, na inaleta digrii zote kabla ya 3000. Rudisha mrija wa vakyumu, mimi naunganisha kwenye manifoldi moja kwa moja kwa sababu injini inaunguruma kwa utulivu na haichemki kwenye foleni. Toka siku ya joto, panda mlima ukiwa gia ya juu, zima redio. Ukisikia inanoki, yaani inagongagonga, rudisha digrii 2.

Waya za plagi pia. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 zimekaa jirani na zinafuatana kuwaka. Waya zake zikilala pamoja, moto wa moja huruka kwenye nyingine, injini inamisi kwa namna ambayo utabadilisha plagi mpaka uchoke. Zitenganishe.

Ukiwa na pesa kidogo

Pointi (swichi ndogo za kukata umeme wa koili) niliziondoa nikaweka distribyuta ya kielektroniki ya HEI, zile zenye koili juu ya kifuniko ambazo General Motors ilianza kuzifunga katikati ya miaka ya sabini. Yangu ilitoka kwenye pikapu kule skrepa, nikalipa dola 35, nikanunua kifuniko na roteri mpya. Safisha chini ya moduli na upake grisi mpya ya kupitisha joto, isipopakwa moduli huungua. Jambo linalowapotosha wengi: waya wa zamani unaokwenda kwenye koili una ukinzani ndani yake, uliwekwa makusudi kulinda pointi. HEI ikilishwa na waya huo inapata volti pungufu, inawaka lakini inamisi ukikanyaga. Vuta waya mpya mnene kutoka kwenye fyuzi inayopata volti 12 kamili wakati ufunguo umewashwa na pia wakati wa kupiga stata. Uwazi wa plagi upanue kutoka inchi 0.035 hadi 0.045.

Difu ndiyo utakayoisikia mgongoni. Kutoka 3.08 kwenda 3.73, gari linachanganya kama limetua mzigo. Hesabu yake iko wazi: kwa tairi za inchi 26 na mwendo wa maili 60 kwa saa, injini inatoka mizunguko kama 2390 hadi 2890. Kama unasafiri mara kwa mara kwenye barabara kuu, na TH350 haina gia ya nne, utachoka na kelele na petroli itakwenda. Mimi nazunguka mjini, na siku chache za kiangazi nakwenda National Trail Raceway kule Hebron. 3.73 inanifaa. Krauni na pinioni ni kazi ya kumlipa mtu mwenye vipimo, usiibahatishe. Baada ya kufunga, endesha polepole maili kumi na tano hivi, acha difu ipoe kabisa, urudie mara kadhaa. Oili yake ni 80W-90 ya GL-5, na kama difu ina klachi ndani, ongeza dawa ya klachi. Mwisho badilisha ile gia ndogo ya plastiki ya spidomita, vinginevyo mshale utadanganya.

Ekzosi mbili za inchi 2.5 zilizounganishwa katikati kwa kipande cha bomba zinatosha. Sauti kubwa haina uhusiano na nguvu.

Ukifika kwenye hedi, tafuta za Vortec za General Motors kutoka pikapu na Suburban za lita 5.7 za 1996 hadi 2000. Namba zilizochongwa juu yake huishia 906 au 062. Chemba zake ni sentimita za ujazo 64 badala ya takriban 76, kwa hiyo mgandamizo unapanda kutoka 8.5 kukaribia 9.5 bila kugusa pistoni. Zipime nyufa kabla ya kulipa. Zinadai manifoldi yake ya boliti nane, na hazivumilii kamshafti inayoinua valvu kupita inchi 0.460 hivi bila kuchongwa. Zinachoma petroli vizuri kiasi kwamba taimingi inatakiwa ipungue hadi jumla ya digrii 32. Ukizilazimisha 36 za hedi za zamani utapoteza nguvu.

Kama injini yako imekufa tayari, usijenge nyingine ya tapeti bapa. Chukua ile lita 5.7 ya Vortec nzima. Tapeti zake ni za roli, utatia oili yoyote ya kisasa na kulala usingizi. Kagua tu sehemu ya kufungia pampu ya petroli, nyingi hazikutobolewa, kwa hiyo utahitaji pampu ya umeme, na bamba la nyuma la krankishafti liwe la injini hiyo, si lako la zamani.

Breki nimeziweka mwisho hapa, lakini kwangu zilitangulia difu. Mipira ya breki ya miaka mingi hulegea na kutanuka ukikanyaga, pedali inakuwa kama sifongo. Badilisha yote mitatu, na kama mbele kuna ngoma, funga diski.

Kabla ya baridi

Huku Ohio gari hili linalala kuanzia Novemba kwa sababu ya chumvi ya barabarani. Namwaga oili kabla ya kulilaza, si baada ya kuliamsha, maana oili iliyotumika ina maji na asidi, na besi zitakaa ndani yake miezi mitano. Naliendesha maili ishirini lipate moto kweli, namwaga likiwa bado la moto, natia mpya na filta mpya, nawasha dakika moja ili izunguke, nazima. Kulipigia stata kila Jumapili kwa dakika tano sikufanyi. Halipati joto la kukausha unyevu, na zile nundu zinapata matone machache tu. Nachomoa nguzo ya betri, naweka kemikali ya kutunza petroli kwenye tangi, kisha nafunga kadi kwenye usukani: 10W-30 yenye zinki, tarehe, maili. Mwanangu ndiye huandika kadi hiyo siku hizi.